Nani Anautaka Umoja wa Mtaa? Mhadhara kwa Wafanyabiashara wa Kariakoo



Nimeombwa nizungumzie namna ya kujua kama wafanyabiashara wa katikati ya jiji wanataka kweli kuwa na umoja wao wa mtaa. Kwa sisi wa Dar es Salaam katikati ya jiji kibiashara ni hapa Kariakoo, kwa hiyo nitazungumzia Kariakoo, na nitaanza na ninachokiamini ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Ukipita duka kwa duka ukiuliza kama watu wanataka umoja, karibu wote watakuitikia, na utarudi nyumbani hujui zaidi ya ulivyojua asubuhi. Nia ya mfanyabiashara huonekana kwa anachokubali kutoa: jina lake, saa zake mbili za kazi, shilingi zake. Tena atoe kwa jambo atakaloliona kwa macho yake, mlangoni kwake, kabla mwaka haujaisha.

Wengine mtaniambia jambo hili lilishajibiwa. Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 maduka yalifungwa. Malalamiko mnayakumbuka: kikosi kazi cha kodi kilichokuwa kikiwasimamisha wateja na mizigo yao, usajili wa stoo, wingi wa tozo. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza, na Jumatano yake ukafanyika mkutano mrefu Mnazi Mmoja, watu wakasimama mmoja baada ya mwingine wakasema yaliyowakaa kifuani. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 2024, Kariakoo ikafunga tena, na siku zilizofuata Mwanza, Mbeya na miji mingine nayo ikateremsha mageti. Basi, watu husema, wanaoweza kufunga pamoja wana umoja tayari.

Mimi siafiki. Mgomo hupima uchungu, na uchungu wa siku zile ulikuwa wa kweli. Lakini mtu hufunga duka kwa sababu nyingi. Yupo aliyefunga kwa kudhamiria. Yupo aliyefunga kwa sababu jirani zake wote walikuwa wamefunga na hakutaka kuonekana msaliti, na yupo aliyeogopa mawe. Siku geti linapopandishwa, wote hawa hurudi kwenye kaunta zao kama kwamba hawakuwahi kusimama pamoja, na mfereji uliokuwa umeziba kabla ya mgomo unaendelea kuziba. Kariakoo imekwisha kuthibitisha kwamba inaweza kufunga kwa pamoja. Tusichokijua bado ni kama inaweza kushughulikia jambo lake kwa pamoja maduka yakiwa wazi, wateja wakiwa mlangoni, kila mmoja akiwa na haraka yake.

Isije ikadhaniwa kwamba nataka kuziba nafasi ya Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania. Jumuiya inazungumza na Serikali juu ya kodi na sera, na hiyo ni kazi ya taifa zima. Chemba ya biashara, TCCIA, iliyoanzishwa 1988, ina kazi yake. Machinga wana shirikisho lao. Soko lenyewe, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa 1975 na kuungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lina shirika linalolisimamia. Halmashauri ya Jiji ipo, serikali za mitaa zipo. Ninachotafuta mimi ni kidogo kuliko hivyo vyote: watu wa mtaa mmoja, tuseme Mtaa wa Congo kutoka njia panda moja hadi nyingine, wanaojuana kwa majina na wenye pesa kidogo ya pamoja na mtu wa kuamka usiku simu ikilia.

Simama mahali hapo saa 5 asubuhi uangalie. Fremu moja imegawanywa kwa ubao katikati, huku simu na chaja, huku mikoba ya kike. Mlangoni kuna kijana wa meza aliyepanga soksi, analipa kitu kwa mwenye fremu ili asifukuzwe. Winga yuko katikati ya njia, hana duka lolote lakini anajua bei za maduka thelathini, na mteja kutoka Lubumbashi au Lusaka anamtegemea yeye kuliko bango. Guta lenye marobota linalazimisha njia, msukuma mkokoteni anapiga kelele apishwe, mama lishe anapita na sinia kichwani akipeleka vyakula stoo ya ghorofa ya nne. Juu ya stoo hiyo kuna stoo nyingine. Mwenye jengo ni familia ambayo nyumba ya babu yao ilikuwa hapa, wakaingia ubia na mjenzi, na leo warithi wako Mbagala, Tanga na Muscat. Anayekusanya kodi ni msimamizi. Kuna dalali aliyepokea kilemba, yaani pesa ya kuingilia, kabla fremu haijakabidhiwa.

Katika hao wote, nani ni mfanyabiashara wa mtaa huu? Hili lazima lijibiwe kwanza, kwa sababu ukikosea kuhesabu wanaohusika, kila asilimia utakayoitaja baadaye ni uongo. Ukiwahesabu wenye leseni za maduka peke yao, umeacha nusu ya watu wanaoufanya mtaa uwe mtaa. Ukiwahesabu wote sawasawa, mwenye fremu aliyelipa kilemba cha mamilioni atakwambia kura yake haiwezi kulingana na ya kijana wa soksi. Wote wawili wana hoja.

Wenzetu waliwahi kupambana na swali hilohilo, na yafaa tuwasikilize. Mtaa wa Bloor, magharibi ya Toronto nchini Kanada, ulikuwa mtaa wa maduka ya kawaida: mabucha, maduka ya viatu, mikate. Miaka ya 1960 ukapata mapigo mawili. Treni ya chini ya ardhi ikafunguliwa, na abiria waliokuwa wakipita juu kwa tramu wakitazama madirisha ya maduka wakaanza kupita chini bila kuona kitu. Pembeni ya jiji yakajengwa maduka makubwa yenye maegesho mapana. Wenye maduka wa Bloor walikuwa na chama chao cha hiari, na chama hicho kilikuwa na ugonjwa ambao kila chama cha hiari duniani kinao: wachache walilipa, wote wakafaidi. Taa zikiwekwa humulika mlango wa aliyechanga na wa asiyechanga.

Walichofanya ni kuomba sheria. Mwaka 1970 jimbo la Ontario likakubali kwamba katika eneo lililowekewa mipaka, kila biashara ilipe mchango wa ziada, ukusanywe na manispaa pamoja na kodi, kisha urudishwe mzima kwa bodi ya wafanyabiashara wenyewe. Likazaliwa eneo la kwanza la namna hiyo duniani, ambalo leo linajulikana kwa jina la Bloor West Village. Pesa zikaenda kwenye taa, miti, mabenchi, sherehe za mtaani. Ontario sasa ina maeneo kama hayo zaidi ya 300.

Kilichonivutia zaidi katika habari hizi ni namna wanavyopima ridhaa. Uingereza walipotunga sheria yao mwaka 2003, na eneo la Kingston kwenye Mto Thames likawa la kwanza kuanza mwaka 2005, waliweka masharti mawili yanayokwenda pamoja. Wengi wa waliopiga kura lazima waseme ndiyo kwa idadi ya vichwa, na hao waliosema ndiyo lazima pia wawe na zaidi ya nusu ya thamani ya kikodi ya majengo ya wote waliopiga kura. Wakubwa hawawezi kuwaburuza wadogo, na wadogo hawawezi kuwatwisha wakubwa mzigo wasioutaka. Tena ridhaa hiyo hufa yenyewe: ikifika miaka 5 kura hupigwa upya, na umoja usiokuwa na cha kuonyesha unavunjika. Naipenda sana kanuni hii. Vyama vyetu vingi vimekufa miaka mingi iliyopita na bado vina mwenyekiti.

Afrika nayo haijalala. Nairobi wafanyabiashara wa katikati ya jiji waliungana mwishoni mwa miaka ya 1990, uhalifu ukiwa umewafukuzia wateja. Cape Town ilianza eneo lake la katikati ya jiji mwaka 2000, likaajiri walinzi na wafagiaji juu ya wale wa manispaa, na jiji likabadilika. Lakini Cape Town pia inatupa onyo. Kwa miaka mingi kumekuwa na malalamiko kwamba usafi huo uliwaangukia watu wasio na makazi, wakasukumwa kutoka kona moja hadi nyingine. Sisi tuliona Oktoba 2021 machinga walipoondolewa barabarani. Umoja wa mtaa utakaoanzishwa ili kumfukuza kijana wa soksi utakuwa rahisi kuuanzisha, maana wengi wenye fremu watachanga haraka, lakini utakuwa umeipanga nusu ya mtaa dhidi ya nusu nyingine. Mimi sitashiriki, na nawaomba nanyi msishiriki.

Je, njia ya Toronto tunaweza kuinakili? Kwa sasa hapana, na sababu iko kwenye mita ya umeme. Wao mchango unapanda mgongoni mwa kodi ya majengo, na hati inamfikia mtu anayejulikana. Kwetu tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na mpangaji wa Kariakoo anaweza kuwa wa tatu kutoka kwa mwenye nyumba. Ukiongeza mchango wa mtaa mahali hapo, utakuwa umemtoza asiyejua anachotozwa, na mwenye jengo, ambaye thamani ya jengo lake ndiyo itakayopanda, hatatoa hata senti. Ushuru wa huduma nao unategemea mauzo, na kutaja mauzo hapa Kariakoo ni kuamsha mambo mengine kabisa. Kwa hiyo hatuna mgongo wa kupandia. Kwetu mchango lazima uanze kwa hiari, na kwa kuwa ni wa hiari, wenyewe ndio kipimo cha nia.

Basi tuulizeje? Naomba tusianze na mkutano. Mkutanoni huongea wale waliozoea kuongea. Wenye maduka makubwa hukaa mbele, wagombea wa udiwani husimama nyuma, na akina mama, ambao hapa Kariakoo wanaendesha maduka mengi ya vitenge, vyombo na vipodozi, hukaa kimya halafu huenda kusemea ukweli wao saluni. Mikono ikinyooshwa, hunyooshwa yote. Mkutano uje mwishoni, kuthibitisha yaliyokwisha kujulikana.

Tuanze dukani. Na tuwe waangalifu na heshima yetu wenyewe, kwa sababu Mswahili hamkatalii mgeni usoni. Kijana mwenye daftari ataingia: "Shikamoo mzee. Tunafikiria kuanzisha umoja wa mtaa, unaonaje?" Mzee atajibu: "Marahaba mwanangu. Wazo zuri sana, tuko pamoja," na macho yake yatarudi kwenye kikokotoo. Mahojiano yameisha, na daftarini kumeandikwa ndiyo moja ambayo haitalipa hata shilingi mia.

Kijana yuleyule angeuliza hivi: "Mzee, mwezi uliopita ulinzi wa usiku ulimlipa nani, na shilingi ngapi?" Hapo kikokotoo kitawekwa chini. Atakwambia anamlipa mlinzi wa Kimasai wa jengo, na pia anachangia mlinzi wa upande wa pili kwa sababu stoo yake iko huko, na bado mwezi wa Ramadhani alivunjiwa kufuli. Muulize mvua za masika zilimharibia robota ngapi. Muulize mteja wake wa Zambia alipoibiwa simu alimpeleka kwa nani. Muulize gari la zimamoto likija usiku litapita wapi, na nani mwenye ufunguo wa geti la nyuma. Mambo haya tayari anayalipia, kwa pesa au kwa hasara, kila mmoja peke yake na kwa bei ya rejareja. Ukimaliza mtaa mzima ukiwa na majibu yanayofanana mahali pamoja, basi hapo ndipo penye nia. Ukikuta kila mtu ana kilio chake, mtaa huo bado, uende mtaa wa pili.

Na uulize saa nzuri. Kabla ya saa 4 asubuhi, wateja wa jumla hawajafurika, au jioni hesabu zikifungwa. Anayeulizwa awe mwenye mali. Kijana wa kaunta atajibu kila swali kwa adabu, lakini hawezi kuahidi pesa ya bosi wake.

Sasa nifike kwenye hofu, kwa sababu kila niliyezungumza naye kwa utulivu alinionyesha hofu kabla ya kunionyesha hamu. Hofu ya pesa kuliwa mnaifahamu, na dawa yake inajulikana: akaunti yenye watia saini watatu, hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, kiongozi asiwe mgombea wa chama chochote. Hofu kubwa zaidi ni ya daftari. Mtu anajiuliza: hii orodha ya majina, namba za fremu na stoo, ikishakamilika itafika mezani kwa nani? Baada ya yaliyosababisha mgomo wa 2023 siwezi kumlaumu. Kwa hiyo daftari la kupima nia liandike jina la duka, namba ya simu na jambo alilolitaja, basi. Mauzo yasiandikwe. Idadi ya stoo isiandikwe. Na aambiwe hivyo waziwazi kabla hajaanza kujibu, aone kurasa za waliotangulia zinafanana na yake.

Kuna pia suala la wageni, hasa Wachina. Tangu 2025 limezungumzwa kwa ukali, na Serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogo. Nasema kwa upole: aliye na haki ya kisheria kuwa na duka kwenye mtaa aulizwe kama wengine na achangie kama wengine. Aliyevunja sheria ni kazi ya vyombo vya sheria. Umoja wa mtaa ukianza kwa kuchunguza pasi za watu utakuwa na kazi hiyo tu maisha yake yote.

Nieleze sasa kwa nini nalibeba jambo hili kwa uzito. Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, ghorofa liliporomoka kwenye Mtaa wa Mchikichi karibu na Congo. Walikufa zaidi ya watu 20. Kabla ya mitambo mikubwa kufika, waliokuwa wakichimbua vifusi kwa mikono ni watu wa mtaa: wenye maduka, wapagazi, mawinga, machinga. Waliokwama chini walipiga simu kwa watu wanaowajua, na wanaowajua walikuwa juu, hatua chache tu. Umoja ulikuwepo siku ile kwa kiwango ambacho hakuna daftari litakalokipima. Baadaye Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Ninachojiuliza tangu siku hiyo ni mtu wa fremu jirani angempigia nani wiki moja kabla, kama angeona ufa mpya ukutani au kusikia nyundo chini ya sakafu. Mwenye jengo yuko mbali. Msimamizi atamwambia asijali. Akienda ofisini peke yake, ataulizwa yeye ni nani, na kesho mkataba wake wa fremu unaweza usihuishwe. Mpangaji mmoja hawezi kumkabili mwenye jengo. Wapangaji 60 wa mtaa mmoja, wenye barua moja na mhandisi waliyemlipa wenyewe, watasikilizwa. Hilo peke yake latosha kuwa sababu ya kuanza.

Wala haitakuwa mara ya kwanza kwa jiji hili. Mwaka 1934 Erika Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, aliwakusanya wenye maduka Waafrika wa Dar es Salaam katika chama cha biashara, miaka 20 kabla ya TANU kuzaliwa hapahapa jirani, kwenye barabara ambayo leo ni Lumumba. Chama kile baadaye kilipanua malengo yake kikawa pia chama cha ustawi wa watu, na Fiah akaanzisha gazeti la Kwetu. Nawataja kwa sababu walikuwa wachache, walikuwa na maduka madogo kuliko ya yeyote aliyeko humu, na serikali ya kikoloni haikuwapenda, na bado walichangishana.

Pendekezo langu kwa hiyo ni dogo. Tuchague kipande kimoja cha mtaa mmoja, kati ya njia panda mbili. Watu wanne wakipite, wawili wanawake, mmoja wao awe mtu wa meza au mkokoteni, kwa mwezi mzima, na maswali niliyoyataja. Jambo litakaloongoza, liwe ufa, mfereji, mlinzi au moto, litafutiwe bei kamili kwa fundi wa kweli. Kisha bei hiyo igawanywe kwa viwango viwili: mwenye fremu chake, mwenye meza chake, na msimamizi wa kila jengo apelekewe barua ya kumwomba mwenye jengo atoe cha tatu. Iwekwe siku ya mwisho. Michango ipokewe kwa simu kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, na kila jioni majina ya waliolipa yabandikwe mahali wanapopita wote.

Zaidi ya nusu ya wenye fremu na zaidi ya nusu ya wenye meza wakilipa, kazi ianze kesho yake, na hapo ndipo tupeleke karatasi kwa Msajili wa Jumuiya, tukiwa na kitu cha kusajili. Upande mmoja ukifika na mwingine usifike, turudi tukaulize kwa nini kabla ya kugusa hata senti. Na pande zote mbili zikishindwa kufika nusu, kila aliyetoa arudishiwe pesa yake yote siku hiyohiyo, kwa namba ileile aliyotumia kulipia.